Meza ya mninga ya marehemu baba, na hisa nilizozikuta kwenye mtoto wa meza (uzi mrefu)

Binti wa Isevya:

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari zenu.

Naandika haya kwa sababu miaka miwili iliyopita nilimtafuta mtu wa kunieleza polepole nikamkosa. Kila niliyemuuliza habari za hisa alinijibu kwa maneno ya ofisini, na kila niliyemuuliza habari za mbao aliniambia peleka kwa fundi. Nimejifunza vyote viwili kwa pamoja, kwenye meza moja. Basi nitavieleza vilivyonijia.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tabora. Alifariki 2022. Aliacha meza yake ya kusahihishia madaftari, ya mninga, iliyochongwa na fundi wa Kaliua mwaka 1987. Mama akaniambia nichukue mimi, maana ndiyo niliyokuwa nalalia usingizi nikisoma. Nilipoifikisha kwangu ilikuwa nyeusi tii. Vanishi imepakwa juu ya vanishi miaka nenda rudi, na mchana wa joto ukiweka kiganja kinanata. Upande wa kulia, pale alipozoea kuweka chai, palijaa duara za kikombe.

Nilipochomoa mtoto wa meza ili nimwanze yeye, nikafunua gazeti lililotandikwa ndani. Chini yake kulikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake stakabadhi mbili za hisa na kaunta buku nyembamba. Stakabadhi moja ya NMB ya 2008, hisa 200. Nyingine ya CRDB ya 2009, hisa 2,000. Nyumba nzima hakuna aliyejua, hata mama.

Nitaanza na meza, kwa sababu ndiyo iliyonipa jioni nyingi za kukaa kimya na ile kaunta buku.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Niliazima mashine ya msasa, nikafunga msasa namba 60, nikaiwasha. Kwa dakika mbili nilifurahi. Nilipofuta vumbi nikaona mikwaruzo ya nusu duara imekata mbao kwa upana, tena mirefu. Mikwaruzo ile iliniondolea jioni tatu za kusugua kwa mkono.

Jirani yangu ni seremala mzee. Alikuja akaangalia, hakunilaumu, akaenda akarudi na kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika. Akanionyesha namna ya kukilaza kidogo na kukivuta kuelekea kwangu kufuata mkondo wa mbao. Vanishi ikaanza kutoka kama maganda ya karanga, makavu, ya kahawia, bila kugusa mti wenyewe. Kioo kikichoka unavunja kingine. Vaa glavu nene, na watoto wasikaribie.

Kwenye pembe ambako kioo hakifiki nilitumia dawa ya kutolea rangi, nje ya nyumba, penye upepo.

Siku ya nne ndipo nilipoiona meza. Rangi ya asali iliyokolea, na ndani yake mistari ya udongo mwekundu inayopinda pale palipokuwa na kifundo. Nilikuwa sijawahi kuiona rangi hiyo maisha yangu yote, na meza nimekua nayo.

Mchana Randa:

Dada pole kwa msiba, na hongera kwa kutoipeleka kupakwa rangi ya kahawia kama wengi wanavyofanya.

Niongeze kuhusu hizo duara za kikombe, maana watu wanapoteza nguvu bure. Duara nyeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, ukikwangua vanishi nayo imeondoka. Duara nyeusi maji yameshaingia kwenye mbao. Hiyo usiifukuze kwa msasa hadi utengeneze bonde. Iache, au tafuta asidi ya okzaliki upake pale tu, kisha suuza vizuri.

Na vumbi la mninga si la mchezo. Mimi niko kwenye karakana mwaka wa kumi na tisa, nimeona vijana wawili wakipata pumu kwa vumbi hilo. Barakoa lazima, si kitambaa cha kufunga puani.

Binti wa Isevya:

Asante sana mkuu. Duara zangu tano zilitoka, moja nyeusi imebaki. Niliiacha makusudi.

Namalizia upande wa mbao. Baada ya kioo nilisugua kwa mkono na msasa uliozungushwa kwenye kipande cha ubao: namba 120, halafu 180, halafu 240, siku zote kufuata mkondo. Kabla ya ule wa mwisho nilipitisha kitambaa chenye unyevu, nikaacha ikauke. Nyuzi ndogo zilisimama kama ndevu za siku mbili, 240 ikazinyoa. Ukiruka hatua hii zitasimama ukishapaka mafuta, na hapo utakuwa umechelewa.

Palipobonyea, si palipokatika, tumia maji na pasi. Weka kitambaa kilicholowa juu ya bonde, gandamiza pasi ya moto sekunde chache, mvuke unaingia na mti unafura kurudi mahali pake. Pale baba alipokuwa akigongea chaki pameinuka karibu pote.

Kisha mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, nusu kwa nusu na tapentaini kwa mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza. Unapaka, unasubiri robo saa, unafuta yote yaliyobaki juu. Usipofuta utapata utando unaonata kuliko vanishi ya zamani. Siku ya pili mkono mwingine mwembamba. Nilipaka mitano. Ilikuwa masika, kila mkono ulitaka siku mbili.

Na hili nawaomba mlisome mara mbili: matambara yenye mafuta ya linsidi yakikunjwa na kutupwa kwenye kona hupata joto yenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

Sasa ile kaunta buku. Baba alichora mistari kwa rula kama daftari la mahudhurio: mwaka, gawio (sehemu ya faida anayogawiwa mwenye hisa) la hisa moja, jumla, kodi, nililopokea, maelezo. Mstari wa kwanza wa NMB umeandikwa: *Bei 600. Niliomba zaidi, nimegawiwa 200. Walioomba ni wengi kuliko hisa.* Wa CRDB: *Bei 150. Nimepata zote 2,000. Jumla 300,000.* Hiyo ilikuwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Miaka ileile mjini watu walikuwa wanapanda mbegu kwenye upatu wakiahidiwa mavuno ya haraka, na wengi walilia.

Mstari niliousoma mara nyingi kuliko yote ni wa 2018. CRDB walitoa gawio la shilingi 5 kwa hisa, kwa mwaka wa 2017. Baba akaandika 10,000, kodi 500, nililopokea 9,500. Mwaka uliofuata bei ya hisa ilishuka chini ya shilingi 100. Yaani kile alichonunua kwa laki tatu, sokoni kisingefika laki mbili. Kwenye maelezo ameandika kwa kalamu nyekundu: *Bei imeanguka. Benki haijafungwa. Nimesoma hesabu gazetini, mikopo mibaya inapungua. Siuzi.*

Mwalimu wa darasa la nne huyo, hana shahada ya uchumi. Alikuwa anakata hesabu za benki kwenye gazeti kila robo mwaka na kuzibandika.

Kijana wa Makambako:

Dada umenigusa. Mimi ndiyo kwanza nataka kuanza, nina laki mbili. Ila sielewi: gawio likiwa dogo na bei ikashuka, faida iko wapi? Na hizo hisa za mzee mlizipataje, maana nasikia mtu akifa zinapotea?

Binti wa Isevya:

Mdogo wangu, hazipotei. Zinakaa kwa jina lake na gawio linarundikana bila mwenyewe. Akaunti ya benki ya baba ilikuwa imefungwa, kwa hiyo malipo ya 2023 na 2024 hayakuwa na pa kuingia.

Tulianza na kikao cha ukoo, kisha mahakama ya mwanzo, mama akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Tukabeba barua ya usimamizi, cheti cha kifo, vitambulisho na zile stakabadhi, tukaenda kwa dalali wa hisa mwenye leseni. Dalali ndiye anayezungumza na kampuni inayotunza kumbukumbu za hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mama akafunguliwa akaunti ya CDS, ambayo ndiyo daftari la kielektroniki la hisa zako, zikahamishiwa huko. Ilichukua miezi, hasa kwa sababu jina la baba kwenye stakabadhi lilipungua herufi moja tukalazimika kuapa kiapo. Kwa hiyo wote mnaosoma, leo hii angalieni kama jina kwenye hisa zenu linafanana na la kitambulisho cha NIDA, na mwambieni mtu mmoja nyumbani kwamba mnazo.

CRDB walitoa 45 kwa mwaka wa 2022 na 50 kwa mwaka wa 2023. NMB walitoa 286 na 361, ukiacha senti. Piga mara hisa zake, toa kodi ya zuio ya asilimia 5 ambayo hukatwa kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Mama alipokea zaidi ya laki tatu kwa miaka hiyo miwili. Mtaji wote wa baba ulikuwa laki nne na ishirini, na hisa zenyewe bado zipo.

Hapo ndipo swali lako linapojibiwa. Anayenunua hisa ananunua sehemu ya biashara. Bei ya sokoni ni vile watu wanavyoikadiria biashara hiyo leo. Baba alikuwa anaangalia biashara, kwa hiyo kushuka kwa bei kulimuumiza lakini hakukumkimbiza. Angekuwa amenunua kwa mkopo, au kwa ada za shule zetu, angelazimika kuuza kwa hasara mwaka ule ule.

Kijana wa Makambako:

Sawa nimeelewa. Sasa nitajuaje biashara ni nzuri? Na hiyo laki mbili niingize yote?

Nyasubi Mjini:

Mkuu ngoja nimsaidie dada, mimi nimo sokoni tangu 2014.

Hesabu ya kwanza ya kujifunza: faida kwa kila hisa. CRDB ina hisa takriban bilioni 2.6. Mwaka 2023 faida baada ya kodi ilipita bilioni 420. Gawanya, unapata kama shilingi 160 kwa hisa. Kati ya hizo wamekupa 50 mkononi, zilizobaki zimebaki kukuza benki. Sasa chukua bei ya siku hiyo uigawanye kwa 160. Tuseme bei ni 640, unapata 4. Maana yake unalipa faida ya miaka minne kuipata hisa hiyo, kama faida haitabadilika. Fanya hivyo kwa kampuni tatu za aina moja uzilinganishe. Hesabu ya darasa la sita tu.

La pili, makato. Kwa mtu mdogo kamisheni na tozo zinakaribia asilimia mbili na ushee ukinunua, na vilevile ukiuza. Ukinunua Jumatatu ukauza Ijumaa bei haijasogea, umeshapoteza karibu asilimia nne au zaidi. Soko hili halimfai anayetaka kuingia na kutoka.

La tatu ndilo wageni hawaambiwi: soko letu ni jembamba. Biashara ilianza tarehe 15 Aprili 1998 na kampuni moja tu, TOL, na mpaka leo kampuni ambazo hisa zake zinachangamka zinahesabika. Kuna hisa unaweza kuziweka sokoni kuuza ukasubiri wiki kadhaa bila mnunuzi. Kabla ya kununua angalia kwenye taarifa za soko hisa hiyo ilinunuliwa lini mara ya mwisho na kwa wingi gani.

Na usidhani kila hisa mpya hupanda. Vodacom Tanzania waliuza kwa 850 mwaka 2017, na kwa miaka mingi baadaye bei ilikaa chini ya hapo.

Mwana wa Kilifi:

Hata huku kwetu Kenya ni hivyo hivyo. Safaricom 2008 iliuzwa shilingi 5, watu wakapanga foleni, wengine wakachukua mikopo. Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya 3. Aliyeuza kwa hofu alipoteza, aliyekopa alipoteza zaidi. Ilikaa muda ndipo ikavuka tena ile 5. Babangu mdogo aliziacha tu, akawa anakula gawio.

Mama Pendo:

Naomba kuuliza, nisamehe kama ni swali la kitoto. Nimeongezwa kwenye kundi la WhatsApp, wanasema ni madalali wa hisa, ukiweka laki moja wanakupa elfu thelathini kila mwezi. Wananitumia picha za miamala ya watu waliolipwa. Je, ni hisa hizi hizi?

Binti wa Isevya:

Dada yangu Mama Pendo, nakusihi usitume hata shilingi. Hakuna hisa inayoahidi malipo ya kila mwezi. Gawio hutangazwa baada ya hesabu za mwaka na wanahisa hulipitisha kwenye mkutano, na mwaka mwingine halipo kabisa. Dalali wa kweli ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na majina yao yametangazwa, unaweza kuyaangalia. Hisa unazonunua zinasomeka kwa jina lako kwenye CDS. Hao kila kitu kinasomeka kwa jina lao.

Kama unataka pa kuanzia bila kusumbuka na kuchagua kampuni, kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Mfuko wa Umoja upo tangu 2005. Unanunua vipande, wao wanagawa fedha kwenye hisa na hati fungani (mikopo inayolipa riba). Thamani ya kipande hupanda na kushuka, lakini kuuza ni rahisi kuliko kumsubiri mnunuzi sokoni. Mimi mwenyewe nilikaa huko miezi minane nikijifunza kusoma hesabu kabla sijanunua hisa yangu ya kwanza.

Kijana wa Makambako, kuhusu laki mbili yako. Mimi sikuingiza kwa mkupuo. Nilinunua kidogo kila baada ya miezi mitatu, nikiisha kusoma hesabu za robo mwaka. Nilitumia Hisa Kiganjani, programu ya kununulia hisa kwenye simu, kwa hiyo sikuhitaji kusafiri. Na kuna jambo moja la kalenda: kampuni ikitangaza gawio hutaja siku ya kufunga daftari la wanahisa. Ununuzi hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya muamala, kwa hiyo ukinunua siku moja kabla ya daftari kufungwa umechelewa, gawio ni la aliyekuuzia. Nilichelewa hivyo mara yangu ya kwanza, kwa kutohesabu Jumamosi na Jumapili.

Mjukuu wa Mwindaji:

Dada, nimesoma uzi wote. Swali langu ni la mbao. Babu yangu wa Sikonge alikuwa na bunduki ya kuwindia, yenye kibali. Amefariki mwezi uliopita. Kitako chake ni cha mti mzuri sana lakini kimechakaa, kina mabonde na vanishi imebanduka. Nataka nikirudishe kama kilivyokuwa. Njia yako ya meza itafaa?

Binti wa Isevya:

Pole sana kwa msiba ndugu yangu. Kwanza kabla ya mbao: bunduki ya marehemu haikai nyumbani. Ipelekeni kituo cha polisi pamoja na kibali chake, wawaelekeze utaratibu wa kurithi. Usianze kuikwangua mpaka awepo mtu anayeimiliki kihalali. Kuhusu kitako chenyewe namwachia Mchana Randa, mimi sijawahi kukigusa.

Mchana Randa:

Nimewahi kutengeneza viwili, vya wenye vibali, na vyote nililetewa mbao peke yake, chuma kimebaki kwa mwenyewe. Nawe fanya hivyo: anayejua akufungulie.

Njia ni ileile ila kuna mambo matatu ya tofauti. Pale mbao inapokutana na chuma usisugue kabisa. Fundi wa zamani aliiacha mbao imezidi chuma kwa unene wa kucha, ukiisugua itazama chini ya chuma na huwezi kuirudisha. Pale pa kushikia penye michoro ya misumari misumari, weka msasa kando. Tumia mswaki wa meno na dawa kidogo ya kutolea rangi, sugua kufuata mifereji. Na mabonde yote yajaribu kwa kitambaa na pasi kwanza, mara mbili tatu, kabla ya msasa. Kitako kikipungua unene hakikai tena begani vilevile.

Mafuta ya linsidi, mikono myembamba sana, paka kwa kiganja chenyewe hadi usikie joto, kisha futa. Ndani pia, kule kunakofichwa na chuma, na kwenye kisigino, ule mwisho unaokaa begani, maana ndiko maji yanakoingilia. Mimi huwa napaka minane au kumi, na kati ya mkono na mkono naacha siku mbili. Kikikauka kweli, ukiminya kucha haiachi alama na hakina harufu ya mafuta.

Mjukuu wa Mwindaji:

Nimeelewa mzee wangu, asante. Bunduki iko kwa baba mdogo, tunaipeleka polisi Jumatatu asubuhi. Kuna alama moja kwenye kisigino, babu alikuwa amechonga kwa kisu. Nayo niisugue?

Mchana Randa:

Hiyo iache.